Je, Wajua? Serikali Ikitega Sikio Kwenye Simu

Ndugu msomaji, sogea kidogo tukae sote, na hiyo simu yako iweke hapa katikati, maana leo tunaisema yenyewe. Kwa takriban miaka 100 Wamarekani wamebishana mahakamani, bungeni na magazetini juu ya swali moja: je, serikali ina haki ya kuingia kwenye simu ya mtu bila kibali cha hakimu? Yaliyotokea njiani ni ya kushika kichwa. Haya, twende.

Je, wajua kuwa kesi kubwa ya kwanza ilimhusu polisi? Roy Olmstead alikuwa luteni wa polisi mjini Seattle, akaja kuwa mfalme wa magendo ya pombe enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani. Maofisa wa serikali walinasa simu 8 kwa karibu miezi 5, wakaandika walichokisikia mpaka kikajaza kurasa 775 za taipu!

Na majaji walisemaje? Mwaka 1928, kwa kura 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ilisema hakuna ubaya: nyaya zilinaswa nje ya nyumba, hakuna ofisa aliyevuka kizingiti cha mtu. Sasa sikia hili. Katika jimbo la Washington, ambako nyaya zenyewe zilinaswa, sheria ya mwaka 1909 ilikwisha kusema kuwa kunasa simu ni kosa la jinai!

Ilichukua miaka 39 kuigeuza hukumu hiyo, na kilichoigeuza ni kibanda cha simu cha barabarani. Charles Katz, mcheza kamari wa Los Angeles, alikuwa akipiga simu zake za kamari kutoka vibanda vya Sunset Boulevard, na FBI wakapachika kinasa sauti juu ya kibanda, kwa nje. Tarehe 18 Desemba 1967 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 7 kwa 1: mtu aliyefunga mlango wa kibanda na kulipia simu yake ana haki ya kuamini kwamba hakuna anayemsikiliza, kwa hiyo kibali kilihitajika.

Umeshika hapo? Basi shika na hii, maana ndiyo iliyozaa mambo yote yaliyofuata.

Tarehe 5 Machi 1976, siku 2 tu kabla ya simu kutimiza miaka 100 tangu Alexander Graham Bell apewe hataza yake, mwanamke mmoja aliporwa mjini Baltimore. Mwizi hakutosheka na kupora. Akaanza kumpigia simu na kumsumbua. Siku moja alimwambia atoke barazani, na mama wa watu alipotoka akaliona gari lile lile alilowatajia polisi, Monte Carlo ya 1975, likipita polepole mbele ya nyumba!

Polisi wakaipata namba ya gari, wakalijua jina la mwenyewe. Tarehe 17 Machi wakaiomba kampuni ya simu ifunge kifaa cha kuandika namba zinazopigwa kutoka nyumbani kwa mtu huyo, bila kibali cha hakimu. Siku hiyo hiyo akapiga tena! Walipokwenda kumpekua wakakuta kitabu cha simu kimekunjwa kwenye ukurasa wenye jina la yule mwanamke.

Alifungwa miaka 6. Akakata rufaa akidai polisi walihitaji kibali, na tarehe 20 Juni 1979 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 5 kwa 3. Sababu? Ukibonyeza namba unaipa kampuni ya simu kwa hiari yako, basi usiseme tena kuwa ni siri yako.

Mwizi mmoja, simu moja ya mezani, siku chache tu. Ikumbuke sana kesi hii, kwa sababu miaka 30 na zaidi baadaye wanasheria wa serikali waliisimamisha mahakamani kutetea ukusanyaji wa rekodi za simu za mamilioni ya Wamarekani, kila siku ya Mungu!

Turudi nyuma kidogo. Je, wajua kwamba kabla ya simu kulikuwa na telegramu, nazo zilisomwa vile vile? Tangu 1945 hadi 1975, kampuni 3 kubwa za Marekani ziliikabidhi serikali nakala za telegramu zilizoingia na kutoka nchini, katika mpango uliopewa jina SHAMROCK. Ulipofikia kilele, wachambuzi wa Shirika la Usalama wa Taifa, yaani NSA, walikuwa wakipitia telegramu kama 150,000 kwa mwezi.

Na waliosikilizwa ni akina nani? Wapelelezi wa kigeni tu? La hasha! Orodha ya mpango mwingine wa NSA, MINARET, ilikuwa na Martin Luther King, bondia Muhammad Ali na waandishi wa habari. NSA yenyewe, katika historia yake ya ndani, iliandika kwamba kazi hiyo ilikuwa ya aibu, kama haikuwa haramu kabisa.

Lakini kilichonivutia mimi kuliko vyote ni jina jingine lililokuwamo: Seneta Frank Church. Huyu ndiye aliyeongoza kamati ya Seneti mwaka 1975 kuchunguza maovu ya mashirika ya ujasusi! Kumbe na yeye alikuwa kwenye orodha, na umma ulikuja kuambiwa mwaka 2013, wakati Church alikwisha kufariki tangu 1984.

Kazi ya kamati yake ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1978, na sheria hiyo ikazaa mahakama ya siri ya kutoa vibali vya ujasusi. Leo ina majaji 11, wote wakiteuliwa na Jaji Mkuu peke yake. Kwa kawaida upande mmoja tu ndio huingia na kusikilizwa, nao ni serikali.

Unataka namba? Tangu 1979 hadi 2012 mahakama hiyo ilipokea maombi zaidi ya 33,900. Ilikataa 11. Rudia mwenyewe: kumi na moja!

Sasa tuingie hospitalini. Ni usiku wa tarehe 10 Machi 2004, na Mwanasheria Mkuu wa Marekani, John Ashcroft, yuko hoi chumba cha wagonjwa mahututi. Rais George W. Bush alikuwa na mpango wa siri wa kukusanya mawasiliano bila vibali, ulioanza Oktoba 2001, na kila baada ya muda mfupi ulihitaji sahihi ya Idara ya Sheria. Safari hii wanasheria wa idara walikuwa wamekataa: sehemu ya mpango haina msingi wa kisheria.

Maofisa wawili wa Ikulu wakaelekea hospitali na karatasi ya kusainiwa. James Comey, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Ashcroft, alipopata habari akamwamuru dereva awashe king'ora, akafika, akapanda ngazi mbio ili awatangulie. Akatangulia! Maofisa walipoingia, mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye mto, akaeleza kwa nini hasaini, kisha akamwonyesha Comey na kusema mwenye mamlaka ni huyo.

Comey aliyasimulia hayo mbele ya Seneti Mei 2007, na ukumbi mzima ukaduwaa. Hebu fikiri: uhalali wa mpango ule wa siri ulining'inia kwenye kalamu ya mgonjwa.

Je, wajua kwamba New York Times walikuwa na habari ya mpango huo mkononi kwa zaidi ya mwaka mzima bila kuichapisha? Ikulu iliwaomba wasiitoe. Walipoitoa hatimaye, tarehe 16 Desemba 2005, waandishi wake walipata tuzo ya Pulitzer. Itunze tarehe hiyo, 16 Desemba, tutakutana nayo tena.

Sasa twende San Francisco, jengo namba 611, mtaa wa Folsom, ghorofa ya 6, chumba 641A. Mark Klein, fundi wa kampuni ya simu ya AT&T, aligundua kwamba mwanga wa nyaya za faiba ulikuwa ukigawanywa mara mbili: nakala moja iende inakokwenda, nyingine ishuke kwenye chumba hicho, kwa ajili ya NSA. Mwaka 2006 alijitokeza hadharani na nyaraka zake.

Wananchi wakaishtaki kampuni. Bunge likafanyaje? Julai 2008 lilipitisha sheria ya kuzikinga kampuni za simu dhidi ya kesi hizo, hata kwa yale zilizokwisha kuyafanya! Seneta mmoja aitwaye Barack Obama alipiga kura ya ndiyo.

Sasa nikuulize: utashtakije kitu usichoweza kukithibitisha? Wanasheria, waandishi na watetezi wa haki walikwenda mahakamani wakisema wanahofu simu zao zinasikilizwa. Tarehe 26 Februari 2013 Mahakama ya Juu iliwarudisha nyumbani kwa kura 5 kwa 4, kwa kuwa hawakuweza kuonyesha kwamba kweli walisikilizwa. Mpango ni siri, na kwa kuwa ni siri huna ushahidi, na kwa kuwa huna ushahidi huna kesi!

Wiki 2 baadaye, tarehe 12 Machi, Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi wa taifa, James Clapper, mbele ya kamera: je, NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani? Akajibu kuwa hapana, si kwa makusudi.

Miezi 3 haikupita. Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la The Guardian likachapisha amri ya ile mahakama ya siri, ikiiamuru kampuni ya Verizon kuikabidhi NSA rekodi za simu za wateja wake, kila siku, pamoja na zile za jirani kumpigia jirani ndani ya Marekani. Nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea dakika ngapi. Na amri yenyewe ilikataza mtu yeyote kusema kuwa amri hiyo ipo!

Aliyeivujisha alikuwa Edward Snowden, kijana wa miaka 29. Waandishi waliokwenda kukutana naye hotelini Hong Kong walimtambua kwa kitu gani, unafikiri? Kwa mchemraba wa Rubik aliokuwa ameshika mkononi.

Mwezi uliofuata, ndege ya Rais Evo Morales wa Bolivia, ikitoka Moscow, ilinyimwa anga na nchi za Ulaya ikalazimika kutua Vienna. Walidhani Snowden yumo ndani. Hakuwamo!

London nako, tarehe 20 Julai, wahariri wa The Guardian waliziharibu kompyuta zao kwa dreli na mashine za kukatia chuma huku maofisa wa ujasusi wa Uingereza wakitazama. Nakala za nyaraka zile zile zilikuwa salama Marekani, na pande zote mbili zilijua.

Je, wajua kwamba ile mahakama ya siri ilianza kuidhinisha ukusanyaji huo wa rekodi za simu Mei 2006, na majaji 15 tofauti waliuidhinisha zaidi ya mara 30? Sasa kaa vizuri. Hukumu ya kwanza ya kueleza kwa maandishi kwa nini jambo hilo ni halali iliandikwa Agosti 2013. Miaka 7 baada ya kuanza, na baada ya gazeti kuufichua mpango! Mimi hapa huwa nasimama: watu wamekubali kwanza, sababu zikaja kuandikwa walipoulizwa.

Tupige hesabu kidogo. NSA ilikuwa ikianza na namba moja ya mshukiwa, inatazama aliowapigia, kisha waliopigiwa na hao, kisha waliopigiwa na hao tena. Tuseme kila mtu ana watu 100 kwenye simu yake: duru ya kwanza watu 100, ya pili 10,000, ya tatu 1,000,000! Na kama mmoja wao aliagiza piza, basi kila mteja wa duka lile la piza naye yumo. Januari 2014 Rais Obama alipunguza duru zikawa 2.

"Lakini hawasikilizi maneno, wanachukua namba tu." Umewahi kuisikia hoja hiyo? Watafiti wa Stanford waliwaomba watu 823 wajitolee kutoa rekodi zao za namba na saa tu, bila neno hata moja la mazungumzo. Kwa hizo tu waliweza kumtambua mtu mwenye maradhi ya moyo, na mwingine mwenye bunduki ya aina fulani! Naye Michael Hayden, aliyewahi kuongoza NSA na CIA, alisema wazi mwaka 2014 kwamba Marekani huua watu kwa kutegemea taarifa za aina hiyo.

Ile tarehe yetu imefika. 16 Desemba 2013, miaka 8 kamili tangu habari ya New York Times, Jaji Richard Leon wa Washington alisema ukusanyaji huo huenda unavunja Katiba. Kesi ya mwizi wa Baltimore, akasema, haiwezi kupima dunia ya leo ya simu za mkononi. Na siku 11 tu baadaye, tarehe 27, Jaji William Pauley wa New York akasema mpango ule ule ni halali, akiitegemea kesi ile ile ya mwizi wa Baltimore! Nchi moja, Katiba moja, mwezi mmoja.

Bungeni nako si mchezo. Julai 24, 2013, pendekezo la kuukatia mpango huo fedha lilishindwa kwa kura 205 kwa 217. Kura 7 tu zingehama, pendekezo lingepita usiku ule! Wabunge 94 wa Republican na 111 wa Democratic walipiga kura upande mmoja, jambo linaloonekana kwa nadra Washington.

Jim Sensenbrenner, mbunge aliyeandika sheria ya mwaka 2001 ambayo serikali ilidai inauruhusu mpango huo, alikwenda mahakamani kuwaunga mkono walioushtaki. Baba wa sheria mwenyewe alisema: sikuiandika kwa kazi hii!

Je, mpango huo uliokoa watu? Wakubwa wa ujasusi walitaja njama 54 zilizozimwa. Bodi huru ya serikali ya kulinda faragha ilichunguza, na Januari 2014 ikaripoti kuwa haikupata hata tukio moja la kitisho kwa Marekani ambalo rekodi hizo zilileta tofauti ya kweli. Wajumbe 3 kati ya 5 walisema mpango hauna msingi wa kisheria.

Kesi iliyotajwa sana kama ushindi ilikuwa ya dereva wa teksi wa San Diego, mwenye asili ya Somalia, aliyetiwa hatiani kwa kutuma dola 8,500 kwa al-Shabaab. Tarehe 2 Septemba 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema ukusanyaji wa rekodi uliokuwa nyuma ya kesi hiyo ulivunja sheria. Hatia yake haikufutwa, lakini majaji waliandika kwamba viongozi walizidisha chumvi kuhusu mchango wa mpango huo.

Mei 7, 2015, mahakama nyingine ya rufaa, ya New York, ilikuwa imesema hivyo hivyo katika kurasa 97: sheria haikuruhusu. Siku 26 baadaye, Juni 2, Obama akasaini sheria ya kuukomesha. Rekodi zibaki kwenye kampuni, serikali iombe kwa namba maalum. Mwisho wa mwezi Novemba mashine ikazimwa.

Ukadhani yameisha? Mwaka 2017, chini ya sheria hiyo mpya, NSA ililenga watu 40. Rekodi ilizokusanya: milioni 534! Mwaka 2018 NSA ikaanza kufuta zote ilizokuwa nazo tangu 2015, kwa sababu kampuni zilikuwa zimeipa hata zile ambazo haikuruhusiwa kuziona.

Na gharama je? Dola milioni 100 kati ya 2015 na 2019. Taarifa mpya ambazo FBI hawakuwa nazo tayari zilipatikana mara 2. Mbili!

Kisha akaja mwizi mwingine, na huyu alikuwa na genge la kuiba simu madukani. Serikali ilichukua kutoka kampuni za simu rekodi za mahali alipokuwa kwa siku 127, bila kibali kamili: alama 12,898, kama 101 kila siku! Juni 22, 2018, Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 5 kwa 4 kuwa rekodi za mahali za muda mrefu hivyo zinahitaji kibali. Kesi ya Baltimore haikufutwa, lakini kwa mara ya kwanza iliwekewa uzio.

Unafikiri haya ni ya Wamarekani peke yao? Ngoja. Mei 2014 zilichapishwa nyaraka zilizoonyesha kuwa NSA ilikuwa ikikusanya taarifa za simu za mkononi za nchi nzima katika nchi kadhaa: Mexico, Ufilipino na, shika benchi, Kenya! Bahamas ndiko ilikozidi: huko ilirekodi sauti yenyewe ya takriban kila simu ya mkononi, na kuihifadhi hadi siku 30.

Na wale majaji wote tuliowasimulia, Leon, Pauley na wenzao, wasingeweza kumsaidia mtu wa Kisumu au Mombasa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua kuwa kinga ya Katiba ya Marekani dhidi ya upekuzi haimfikii mgeni aliye nje ya nchi hiyo. Ilipofika Januari 2014 ndipo Obama alipotoa agizo la kuwapa wageni japo kiasi cha heshima ya faragha, na agizo la rais laweza kubadilishwa na rais ajaye.

Kinga yako wewe iko nyumbani. Kwa Mkenya ni Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayotaja waziwazi faragha ya mawasiliano. Kwa Mtanzania ni Ibara ya 16, ambayo inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu na papo hapo kuiruhusu mamlaka ya nchi kuweka taratibu za kisheria za jinsi haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Zote mbili ni fupi na ziko kwa Kiswahili. Zifungue kwenye simu hiyo hiyo uzisome leo, kisha mwulize mbunge wako ni nani hasa mwenye ruhusa ya kutazama rekodi zako, na kwa kibali cha nani.